Vituo Kumi kwa Siku Mbili: Safari ya IST ya Kukodi Iliyotaka Kuvunja Uchumba Dodoma

Wadau wa Dodoma, na nyie wa Dar mnaosema Dodoma ni vumbi na Bunge tu, hii inawahusu. Ni stori ya jamaa mmoja mtumishi wa wizara fulani pale Mji wa Serikali Mtumba, mchumba wake wa Sinza, dada mtu, na gari la kukodi. Majina kapuni, maana harusi bado haijapita na kamati isije ikasambaratika kwa sababu ya udaku.

Jamaa alihamia Dodoma na wizara yake. Uamuzi wa makao makuu kuwa Dodoma ni wa mwaka 1973, ila Serikali ilipotangaza 2016 kwamba safari hii inahama kweli, watumishi wengi walibeba begi moja wakijua watarudi baada ya miezi miwili. Yeye hakurudi. Amepanga vyumba viwili Ilazo, amenunua kiwanja Nala, na siku hizi anakula mlenda bila kulazimishwa.

Bidada ni mtu wa biashara. Anauza magauni mtandaoni, mzigo anauchukua Kariakoo, wateja wanaletewa na bodaboda mpaka mlangoni. Posa imeshapelekwa, mahari imelipwa nusu, pete iko kidoleni. Kilichobaki ni swali moja tu ambalo kila mmoja alikuwa analikwepa: baada ya ndoa wataishi wapi?

Jamaa akisema Dodoma, bidada anajibu, "Nikija huko nitamuuzia nani gauni? Mbuyu?"

Basi wakakubaliana. Bidada aje wikiendi moja aone mwenyewe. Kwao haendi kwa mchumba peke yake kabla ya ndoa, kwa hiyo akaongozana na dada yake mkubwa, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo, ambaye ndiye angerudi na ripoti kwa mama. Mnaelewa uzito wake. Ile haikuwa safari ya kutalii, ilikuwa usaili.

Video ya Italia ndiyo iliyoharibu

Wiki mbili kabla, bidada alimtumia jamaa video. Wapenzi wawili wamekodi kigari kidogo Italia, kule Toscana, wanapita Siena, San Gimignano, Pienza, mashamba ya mizabibu kulia na kushoto, wanakunywa kahawa, wanapiga picha, jua linazama. Sekunde arobaini, miji mitano. Chini yake akaandika: "Kwetu huku huwezi kupata kitu kama hiki."

Hiyo sentensi ilimchoma jamaa. Tena ilimchoma kwa sababu Dodoma nayo ina mizabibu, na wanaopewa sifa ya kuileta ni wamisionari Waitaliano, pale Bihawana, kwenye barabara ya Iringa, mwaka 1957. Akasema moyoni, kama ni hivyo tu, ngoja nimuonyeshe.

Ambacho video haikusema ni kwamba vile vimiji vya Toscana vimesogeleana. Mara nyingi kutoka kimoja hadi kingine haizidi saa moja. Na hata huko, miji mingi ya zamani hairuhusu gari la mgeni kuingia katikati. Kamera inapiga picha ya namba, faini inaifuata kampuni ya kukodisha, kampuni inakukata wewe ukiwa umesharudi kwenu unaposti. Wale wapenzi wa kwenye video pengine walitumia wiki nzima kupata zile sekunde arobaini.

Jamaa akakaa na Google Maps mpaka usiku. Ratiba aliyoituma WhatsApp ilikuwa hivi: Jumamosi Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, kurudi kupitia Hombolo kuangalia bwawa. Jumapili Kondoa, Kolo, Babati, Singida, Manyoni, Bahi, nyumbani. Vituo kumi. Jumatatu asubuhi wageni wapande treni.

Mfanyakazi mwenzake alipoiona alicheka. "Kaka, hii ni ratiba ya basi la mkoani. Abiria wa basi hawachumbiwi."

Jamaa hakusikia. Ile ya Jumapili peke yake inazidi kilomita 600. Dodoma hadi Babati ni kilomita 251, halafu Babati kwenda Singida bado, halafu Singida kurudi Dodoma ni kama 240 nyingine. Simu ilimwambia saa kumi za kuendesha. Simu haijui kwamba watu wanakula, wanajisaidia, wanapiga picha na wanasimamishwa na trafiki.

Ijumaa ilianza vizuri sana

Wageni walikuja na treni ya SGR. Tangu ianze kufika Dodoma Julai 2024, watu wa Dar wamekosa kisingizio, maana ile safari ya kutwa nzima kwenye basi sasa ni chini ya saa nne. Bidada alishuka hana hata mkunjo kwenye gauni. Dada mtu akasema, "Mh, kumbe siyo mbali hivyo." Jamaa akaiona ndoa hiyo inakuja.

Usiku wakala nyama choma, upepo wa Dodoma ukawapiga, dada mtu akaomba kitenge cha kujifunika. Mambo fresh.

Jumamosi

Gari lilikuwa lije saa kumi na mbili asubuhi. Lilikuja saa mbili na nusu. Toyota IST nyeupe, safi kwa nje. Mwenye gari akatoa mkataba, jamaa akasaini huku anaangalia saa. Dada mtu ndiye aliyeuomba, akavaa miwani, akasoma. Mstari wa chini umeandikwa gari ni la matumizi ya ndani ya jiji. Ukitoka nje unaongeza hela kwa kila siku. Jamaa akaongeza elfu sitini ya siku mbili, kimya, mbele ya wakwe.

Hapa wadau chukueni somo mapema. Ukikodi gari, mkataba unausoma siku moja kabla, siyo asubuhi ya safari abiria wako wameshavaa viatu. Uliza unaruhusiwa kufika wapi, bima ni ya aina gani, likiharibika njiani nani analifuata. Piga picha kila mkwaruzo uliopo. Fungua buti uangalie tairi la akiba, na siyo kuliangalia tu, libonyeze kama lina upepo. Jeki, spana, kizimamoto na zile pembetatu za kuakisi, maana trafiki atakuuliza wewe, hatamuuliza mwenye gari.

Jamaa hakubonyeza tairi la akiba. Kumbukeni hilo.

Chamwino walipita tu. Bidada alitaka picha na Ikulu, ile mpya iliyozinduliwa Mei 2023, ila getini kwa Rais hujipigii picha ovyo. Wakapiga picha na mbuyu. Kushika tena barabara ya Morogoro, jamaa akajaribu kufidia muda. Kijiji cha mbele kuna kibao cha hamsini, yeye yuko sabini na kitu, na tochi iko chini ya mti.

"Kaka, shikamoo ya nini tena, wewe leta leseni," trafiki akamwambia. Elfu thelathini. Wakati namba ya malipo inaandikwa, ndani ya gari hakuna anayeongea.

Kongwa walifika saa sita. Sasa Kongwa ina stori, jamani. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja hapo na matrekta, mwaka 1947, wakitaka kulima karanga eneo kubwa mpaka zilishe Uingereza mafuta. Mvua ikawagomea, udongo ukakauka kama saruji, mibuyu ikavunja mashine, na kufika 1951 mpango ukatupwa. Miaka ya sitini hapohapo Kongwa pakawa kambi ya wapigania uhuru, ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia. Hiyo ni stori ya kukaa nayo nusu siku. Jamaa aliisimulia kwa dakika nne huku injini inawaka, kwa sababu ratiba ilisema saa sita na robo waondoke.

Kutoka Kongwa kwenda Mpwapwa walikutana na vipande vya ujenzi, vumbi likaingia mpaka kwenye kope. Mpwapwa ni mji mzuri wa kale, umekaa katikati ya milima, misafara ya zamani ya kutoka pwani ilipumzika hapo. Wao walifika saa nane, wakaagiza kuku, kuku akachukua saa nzima kwa sababu alikuwa bado anatembea walipoagiza. Saa kumi ndio wanageuza. Bidada alikuwa amepiga picha tatu siku nzima, mojawapo ya trafiki.

Halafu pancha. Katikati ya pori, jua linashuka. Jamaa akashusha tairi la akiba, akaliweka chini, likajikunja kama chapati.

Pete

Hapo ndipo kimeumana.

Bidada hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa kiti cha mbele mlango ukiwa wazi, akasema taratibu, "Tangu asubuhi unanionyesha barabara. Hujanionyesha hata sehemu moja ambayo mtu anaishi. Mimi nikija hapa nitaamkia wapi, nitaongea na nani, nitafanya nini saa nne asubuhi wewe uko ofisini?"

Jamaa akajibu vibaya. Uchovu, aibu, na elfu tisini ambayo haikuwa kwenye bajeti. Akasema, "Kama unataka Italia si uolewe na Mtaliano."

Bidada akavua pete, akaiweka kwenye kile kishimo cha chupa kati ya viti viwili. Akatoka nje akaenda kukaa kwenye jiwe.

Aliyewaokoa ni mzee mmoja aliyekuwa anarudisha ng'ombe. "Mbukwenyi," akawasalimia kwa Kigogo. Dada mtu akampa shikamoo. Mzee hakuuliza kwa nini mmoja amekaa kwenye jiwe na mwingine ameshika spana analia kimoyomoyo. Alimpigia simu mjukuu wake mwenye bodaboda, tairi likafungwa kwa kamba, likapelekwa kwa fundi kijiji cha mbele, likarudi baada ya saa moja na nusu. Muda wote huo mzee alikaa nao. Alimwambia jamaa neno moja tu, "Mwanangu, hii nchi ni kubwa. Ukiikimbiza itakuchosha."

Walifika Dodoma saa nne usiku, mwendo wa kinyonga, maroli usoni, ng'ombe wawili barabarani gizani, baiskeli isiyo na taa. Hombolo hawakuiona. Wakati wanashuka, jamaa aliangalia kile kishimo cha chupa. Pete haikuwepo.

Jumapili, mpango wa dada mkubwa

Saa kumi na moja alfajiri dada mtu aligonga mlango wa jamaa. Alikuwa ameshaoga. Akasema, "Shemeji, nipe hiyo karatasi yako." Akachukua kalamu, akakata vituo vitano, akaacha kimoja: Kolo. "Tunaenda hapa. Tunarudi jua halijazama. Ukiongeza hata sehemu moja, mimi nashuka."

Kolo iko mbele ya Kondoa, kama kilomita 180 kutoka Dodoma, na barabara ni lami yote, ile ya Babati iliyozinduliwa 2018. Waliondoka saa kumi na mbili, tairi la akiba likiwa limejazwa. Vijijini hamsini kwa hamsini, hakuna aliyewasimamisha. Mayamaya, Chemba, milima inaanza kukunjana. Saa tatu kasoro wako Kondoa wanakunywa chai na chapati. Bidada alikuwa haongei na jamaa, ila anaongea na dada yake, na jamaa anasikia. Siyo haba.

Kolo kuna ofisi ya Mambo ya Kale. Unalipa, unapewa mwongozaji, halafu mnatoka barabara kuu kuingia porini kilomita kadhaa. Mwongozaji aliiangalia IST kwa chini, akatingisha kichwa. "Dada zangu, hili litaacha tumbo njiani." Wakaliacha ofisini, wakachukua bodaboda, mwisho wakapanda mlima kwa miguu. Dada mtu alipanda na kitenge chake, anahema, ila hakusimama.

Juu kule kuna mapango na miamba iliyochorwa na watu wa kale kwa rangi nyekundu. Watu warefu wembamba, twiga, tembo, swala. Mingine ya rangi nyeupe ni ya watu waliokuja baadaye. Eneo lote la Kondoa lina sehemu zaidi ya 150 za namna hiyo, na UNESCO waliliingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mama mmoja mtafiti, Mary Leakey, alikuja mwaka 1951 kuinakili kwa mkono, na kitabu chake kikatoka 1983. Na siyo makumbusho yaliyokufa. Mwongozaji aliwaambia wazee wa Kirangi bado wanapanda hapo kufanya tambiko.

Bidada alitoa simu, picha ikawa hafifu. Akafungua chupa ya maji amwagie mwamba rangi itokeze, alishaona watu wanafanya hivyo mtandaoni. Mwongozaji akamshika mkono kwa adabu. "Dada yangu, usimwage. Kila anayemwaga maji anaondoka na kidogo. Subiri jua lisogee, itaonekana yenyewe."

Wakasubiri. Hakuna ratiba ya kuwafukuza. Wakakaa kwenye jiwe watatu na mwongozaji, wanaangalia bonde, wanakula karanga. Kama dakika arobaini. Jua likasogea, twiga akatokea vizuri tu. Jamaa ndipo aliposema, bila kumwangalia, "Jana nilikutukana. Nisamehe." Bidada akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Alisema amesikia.

Gauni la Kondoa

Mchana walirudi Kondoa mjini kula. Jirani na mgahawa kuna banda la nguo, na kwenye mlingoti limening'inia gauni la maua ya njano. Bidada akasimama. "Hili gauni nimeliuza mimi."

Mama mwenye banda akacheka, wakaanza stori za wafanyabiashara, na wanaume mnajua stori hizo zikianza kaa chini uagize soda. Mama anaagiza Kariakoo kwa picha za simu. Mzigo unakuja kwa basi. Ukija saizi siyo, au rangi siyo, kurudisha Dar ni gharama kuliko faida, kwa hiyo anauza kwa hasara au anavaa mwenyewe. "Kungekuwa na mtu Dodoma mjini," alisema, "ningepanda gari asubuhi, nichague kwa mkono, mchana niko hapa."

Bidada hakujibu kitu. Akachukua namba ya simu.

Saa tisa waligeuza, saa kumi na mbili kasoro wako Dodoma, kuna mwanga. Kwa mara ya kwanza wikiendi ile, walipika nyumbani. Bidada alitoka mwenyewe kwenda gengeni kununua nyanya, akakaa huko dakika ishirini. Akarudi anajua bei ya nyanya, jina la muuzaji, na kwamba mke wa mwenye nyumba anatafuta gauni la send-off.

Kwa mnaotaka kujaribu, hesabu ni hii

Ukikaa Dodoma mjini, gawanya safari zako kwa umbali, usigawe kwa hamu.

Nusu siku: Bihawana kuona mizabibu ilipoanzia, au Hombolo, kama kilomita 40, kwenye bwawa lililojengwa miaka ya hamsini. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena kama Agosti hadi Septemba. Ukienda nje ya hapo utaona vijiti. Bahi, kama kilomita 55 kwenye barabara ya Singida, nenda kwa ajili ya mchele.

Siku nzima, sehemu moja tu: Kongwa, au Mpwapwa, au Kolo, au Mtera. Mtera iko barabara ya Iringa, zaidi kidogo ya kilomita 120, bwawa la umeme wa megawati 80 na samaki wa kuliwa palepale. Usiunganishe mbili kati ya hizo, labda Kongwa na Mpwapwa, tena uwe umetoka alfajiri.

Ya kulala: Singida. Maziwa mawili mjini, Singidani na Kindai, kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti. Ukienda na kurudi siku hiyohiyo umeendesha kilomita 480 ili ukale kuku.

Muda ambao simu inakupa, ongeza theluthi. Saa tatu za simu ni saa nne zako. Kisha hesabu kinyumenyume: unataka kuwa nyumbani saa kumi na mbili jioni, toa saa za kurudi, toa saa moja ya chakula, toa saa mbili za kukaa mlikoenda. Kinachobaki ndicho kinakwambia muamke saa ngapi. Kikikwambia saa tisa usiku, badilisha sehemu.

Mafuta: IST inakwenda kama kilomita 14 kwa lita. Kolo kwenda na kurudi ni 360, sawa na lita 26 hivi. Bei inabadilika kila mwezi, EWURA wanatangaza Jumatano ya kwanza, zidisha mwenyewe. Jaza mjini. Weka pembeni elfu hamsini ya pancha, bodaboda na mengineyo. Mvua za Dodoma zinaanza kama Desemba mpaka Aprili, na njia ya vumbi ya Agosti inaweza kuwa mto Februari, kwa hiyo uliza watu wa huko kabla hujatoka. Na minada ina siku zake, usiende Jumanne ukakuta vumbi la ng'ombe wa juzi.

Mwisho, muulize unayekwenda naye anataka kuona nini. Jamaa alitumia wiki mbili kuuliza simu, hakutumia dakika mbili kumuuliza mchumba.

Jumatatu

Stesheni, kabla ya kupanda, jamaa alijikaza akauliza kuhusu pete. Alishapekua gari lote usiku, mpaka chini ya zulia, kwa tochi ya simu.

Dada mtu akafungua mkoba, akafungua pochi ndogo ndani ya mkoba, akamuonyesha. Imefungwa kwenye leso. "Niliichukua mimi juzi. Kitu cha laki nne hakiachwi kwenye kishimo cha chupa." Jamaa akanyoosha mkono. Dada mtu akafunga mkoba.

"Itakaa kwangu," alisema. "Huyu ana mama yake mdogo hapo Nkuhungu. Mwezi ujao anakuja na mzigo mmoja, atakaa kwake wiki tatu, auze. Ukimuona utamuona kama jirani. Akimaliza wiki tatu ataniambia mimi, na mimi nitajua pete inaenda wapi."

Jamaa akamwangalia bidada. Bidada akasema, "Mama wa Kondoa ameagiza sita. Ukipata nafasi Jumamosi moja unipeleke, kwa basi."

Ndivyo walivyoachana. Tarehe ya harusi imesogezwa, kamati imeambiwa ukumbi haukupatikana. Mahari nusu bado nusu. Ndugu wa jamaa wanasema huo ni unyanyasaji, pete ukishaivisha haiwekwi rehani kwa shemeji. Wa upande wa bidada wanasema dada mtu amefanya kazi ya mshenga na mwanasheria kwa pamoja, apewe soda.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ungekuwa bidada, ungeacha wateja wa Dar uanze upya Dodoma? Na wewe kaka, ungekubali pete ikae kwenye mkoba wa shemeji wiki tatu? Tupieni hapo chini, bila matusi.